Ile bembea ya kwenye kinu cha nyuklia haina mionzi jamani

Juzi kijiweni hapa Mwanga, Kigoma, jamaa anatuonyesha klipu, bembea ya minyororo inapanda ndani ya mnara mkubwa wa zege mpaka inachomoza juu kabisa, watu miguu inaning'inia hewani. Wote wakadakia eti Wazungu wamechoka maisha, wanabembea kwenye mionzi!

Hapana. Pale panaitwa Wunderland Kalkar, Ujerumani, na ni kweli kilijengwa kinu cha nyuklia, kikakamilika 1985, ila wananchi walipinga sana, afu 1986 ikatokea ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ndo hofu ikazidi, mwisho 1991 mradi ukafutwa kabla hata hawajaweka mafuta ya nyuklia ndani. Sasa mionzi itoke wapi? Ni kama boti imechongwa pale Kibirizi haijawahi kugusa maji, we unasema inanuka dagaa.

Afu ule mnara wenyewe sio kinu, ulikuwa wa kupoozea maji tu, hata kwenye vinu vinavyofanya kazi ule moshi mnaouona juu ni mvuke. Siku hizi nje wameuchora milima, na watu wanaukwea kwa kamba. (Mimi hapana, mti wa muembe tu unanishinda.)

Nadhani watu wanachanganya na Pripyat kule Ukraine, mji wa jirani na kinu cha Chernobyl, lile gurudumu la njano la kubembea. Lenyewe lilikuwa lizinduliwe Mei 1, 1986, kinu kikalipuka Aprili 26. Kule ndo kuna mionzi kweli.