Popo wa darini na korona: maswali ninayoulizwa zahanati

Ni kweli korona ilitoka kwa popo?
Chimbuko lake la mbali ni huko. Virusi vinavyokaribiana zaidi na kile cha UVIKO-19 vimepatikana kwa popo wa Yunnan, China, na wa Laos, vikifanana nacho kwa takriban asilimia 96 hadi 97. Msidhani ni karibu sana. Tofauti hiyo ni ya miongo kadhaa ya virusi kubadilika. Virusi hivyo ni binamu wa korona, si mzazi wake.

Kirusi cha popo humfikiaje binadamu?
Mara nyingi hupitia kwa mnyama mwingine. SARS, ugonjwa mwingine wa mapafu wa ukoo wa korona, ya 2002–2003, iliyoua watu 774, ilipitia kwa fungo waliouzwa sokoni Guangdong. MERS, nayo ya ukoo huohuo, iliyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, huwapata watu kutoka kwa ngamia. Jirani zetu Kenya, popo wamekutwa na virusi vya ukoo mmoja na baadhi ya vile vinavyotupa mafua ya kawaida.

Basi tuwaue popo wa darini?
Hapana. Kikohozi chako umekipata kwa mtu uliyebanana naye kwenye daladala, hukupewa na popo. Ukipanda na fimbo, popo aliyekuwa amelala anakung'ata, na sasa ndipo mmekutana damu kwa mate.

Amenikwaruza kidogo tu, hata damu haijatoka sana. Nije?
Njoo. Njoo leo. Kijana mmoja alinijia siku ya sita, kidole kimefungwa kipande cha khanga. Ndani yake vitundu viwili kama vya sindano. "Nilipaka mafuta ya taa," akasema. Jamani, mafuta ya taa si dawa! Hapa hofu si korona, ni virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo Tsavo, Kenya, akafariki mwaka huohuo. Mkwaruzo tu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha njoo tuangalie chanjo. Usingoje uugue; dalili zikianza, tumechelewa.

Sisi hatuwataki. Tufanyeje?
Watoke wenyewe jioni, ndipo fundi azibe matundu, ila si wakati wana vichanga. Kinyesi msikifagie kikavu: lowesheni kwanza, vaeni barakoa na glavu. Na watoto wasiokote popo aliyeanguka, hata akiwa amekufa.