Mikorosho Unayo, Mtaji Huna

Huwa natetea demokrasia ya umiliki ulioenea, yaani mtaji uwe mikononi mwa wengi, si wachache. Nimeulizwa tena wiki hii, safari hii na mtu msomi: "Mwalimu, huo umiliki ulioenea si tunao tayari huku Kusini? Nani Tandahimba hana mikorosho?" Swali hili linaniudhi. Idadi ya miti haisemi nani ana nguvu sokoni.

Historia kwa haraka. Neno lenyewe, kwa Kiingereza "property-owning democracy", lilitumiwa na Noel Skelton, mbunge wa chama cha Conservative kutoka Uskoti, mwaka 1923. Mchumi Mwingereza James Meade akalijengea hoja ya kiuchumi mwaka 1964, na mwanafalsafa wa Marekani John Rawls akalichukua kwake. Wazo hili si kutaifisha: ujamaa wa kiliberali, ambako njia za uzalishaji ni za jamii, Rawls aliuhesabu kuwa njia nyingine inayokubalika. Wala si ruzuku. Dola ya ustawi, ile inayogawa misaada, huwaachia wachache mtaji, kisha huwapoza walioshindwa. Rawls alitaka mtaji na elimu vienee mapema, watu wakiwa hawajaingia sokoni.

Sasa mikorosho. Mkulima ana ekari zake, pengine na hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Palizi inafika, hela ya vibarua hana. Mtoto anaumwa, ada inadaiwa. Anamwendea mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, na korosho zinakuwa za mtu mwingine zikiwa bado maua. Bei ikipanda mnadani, faida si yake. Shamba ni lake, lakini hawezi kusubiri. Meade alilisema wazi: mwenye mali nyingi ana nguvu ya kupatana, ana usalama, ana uhuru. Hicho ndicho kinachotakiwa kuenea! Kumkamata mnunuzi wa kangomba hakumwekei mkulima akiba. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kupeleka korosho ghalani zikauzwe mnadani, ninaiunga mkono, ila inaanza kumsaidia mzigo ukishafika ghalani, na shida yake ilianza miezi mingi nyuma.

Kuna jambo linalonisumbua mimi mwenyewe. Ukimwacha mtu auze shamba apendavyo, vizazi viwili mbele ardhi imerudi kwa wachache. Ukimzuia, umempa umiliki gani? Meade na Rawls walijibu kwa kodi ya urithi na ya zawadi kubwa, ili mali isilundikane. Kwa hisa na majengo ya mjini naielewa. Kwa shamba la kijijini, katika nchi ambayo ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, jibu hilo haliniridhishi, na bado sijaona lililo bora kuliko hilo.