Nani Aliyeshika Mizani ya Pamba?

Wanafunzi wangu hapa Kampala wakitajiwa mwaka 1972, mwaka Waasia walipofukuzwa Uganda, jina la kwanza kuwatoka mdomoni ni Idi Amin. Mimi huwarudisha kwenye mizani ya pamba. Katika miaka yote niliyochunguza historia ya kazi na ujira, sijaona kitu kinachoeleza ubaguzi wa rangi Uganda vizuri kuliko ile mizani.

Wakati wa ukoloni wa Waingereza, mkulima wa Buganda au Busoga alifunga pamba yake akaipeleka kwa mnunuzi. Aliyempimia mara nyingi alikuwa Mhindi, na akipunjwa, alimjua kwa sura aliyempunja. Waliosimamia bei walikaa Entebbe, makao ya serikali ya kikoloni, na mkulima hakuwaona kamwe. Mwafrika aliyetaka kuchambua pamba yake mwenyewe alizuiwa na mfumo wa leseni. Mhindi naye hakuruhusiwa kununua ardhi ya Mwafrika bila idhini ya serikali, basi wengi wakabaki dukani. Serikalini mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Laana zote zikamwangukia wa kati, kwa kuwa ndiye aliyekuwa machoni pa watu.

Hilo neno "Mhindi" nalo linafunika mengi. Karani wa Kigoa, Mkristo mwenye asili ya Goa, fundi wa Kisingasinga, Patel wa dini ya Kihindu mwenye duka na Ismailia mfanyabiashara walisali mbalimbali, wakaoa mbalimbali, na kila kundi lilijua limekaa juu ya nani.

Nasi Waafrika tulipangwa vivyo hivyo. Mawakala wa Kiganda, Semei Kakungulu akiwa mbele, walipelekwa mashariki kuwatawala wengine kwa niaba ya Waingereza. Kusini kulilimwa pamba na kahawa. Kaskazini kukawa mahali pa kuchota vibarua na askari. Nilizaliwa Bombo, kwenye familia ya askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, na Kiswahili hiki ninachoandika kiliingia kwetu kupitia kambini. Mpaka leo wapo Kampala wanaokisikia wakakumbuka bunduki. Inaniuma, lakini siwalaumu.

Waganda walioandamana mwaka 1949 waliiona ngazi hiyo ya kupangwa juu na chini vizuri kuliko wanahistoria wengi. Walidai wachambue pamba yao wenyewe, na papo hapo walidai wachague machifu wao. Nyumba za machifu zilichomwa moto. Walikwisha kutambua kwamba anayewapunja si wa rangi moja tu.

Kisha ikaja Agosti 1972. Amin aliwapa Waasia siku 90. Maduka yakagawiwa, mengi yakaishia kwa wanajeshi na watu wao, na mitaani wakapewa jina: mafuta mingi. Bidhaa zikaadimika, magendo yakashamiri, na mkulima akaendelea kungoja bei iliyopangwa na mtu asiyemwona. Ngazi ilibaki pale pale. Kipandio kimoja tu ndicho kilichopata wakaaji wapya.

Waliofukuzwa nao ilibidi wajifunze upya mahali pao. Halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza, ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Maelfu walikwenda hata hivyo. Aliyekuwa na duka Jinja aliingia kiwandani, na katika macho ya Waingereza hakukuwa tena na Mgoa wala Patel: wote walikuwa weusi tu. Mei 1974, wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha taipureta cha Imperial Typewriters mjini Leicester, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, waligoma. Walikuwa wamegundua kwamba bonasi ilipaswa kuanza kulipwa baada ya kutengeneza taipureta 168, ilhali wao walikuwa wakidaiwa 200. Chama chao cha wafanyakazi kilikataa kuwaunga mkono.