Mbinu ya utatuzi wa matatizo katika Maarifa ya Jamii

Katika mbinu hii, wanafunzi hujifunza Maarifa ya Jamii kwa kushughulikia tatizo lililopo mahali wanapoishi, ambalo hata mwalimu hana jibu lake. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alizitaja hatua zake mwaka 1910: kuhisi ugumu, kuubainisha, kubuni suluhisho, kulipima kwa hoja, kisha kulijaribu.

Kazi kubwa iko kwenye swali. "Umaskini" ni mpana mno. Mtoto wa darasa la tano ataishia kuandika insha. "Kwa nini foleni ya bomba letu haiishi asubuhi?" linapimika. Watoto wanaoteka maji hapo wahesabu ndoo siku tatu, mmoja akishika saa. Bomba likijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 2, linatoa ndoo 30 kwa saa. Zikipangwa 90, ya mwisho inajaa baada ya saa tatu. Wale waliosema tatizo ni watu kukosa ustaarabu sasa wana hesabu ya kujibu.

Ndipo kila kundi, wanafunzi wasiozidi sita, liandike sababu mbili na namna ya kuzithibitisha. Bomba la pili ni bovu? Ufunguo anao nani, na anafungua saa ngapi? Maswali hayo yanawafikisha kwenye mada ya uongozi bila kukariri vyeo. Katika vijiji vingi vya Tanzania, mradi wa maji huendeshwa na chombo cha watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, wala si na mwenyekiti wa kijiji. Mtoto anayetafuta pa kupeleka barua ya kueleza tatizo lao ataielewa tofauti hiyo vizuri kuliko aliyeinakili ubaoni.

Vipindi vinne vya dakika 40 vinatosha: kimoja cha swali, viwili vya kuchambua, kimoja cha barua. Kupima kufanyike nje ya kipindi.

Mbinu huharibika zaidi pale mwalimu anapokuja na jibu lake, tuseme "tuchimbe kisima". Watoto hulisoma usoni mwake na kuacha kutafuta. Kosa jingine ni kuishia kwenye bango la ukutani. Wakipendekeza zamu za kuteka maji na wahusika wakikubali, zijaribiwe wiki moja, foleni ipimwe tena kwa njia ileile. Isipopungua, sababu waliyodhani haikuwa yenyewe. Warudi kwenye ile ya pili, na alama zitolewe kwa ushahidi waliokusanya.

Matatizo yanayoanika familia moja, kama nyumba isiyo na choo, yasichaguliwe kabisa.