Mfereji wa uti wa mgongo unapobana kiunoni: upasuaji unatibu nini?

Baba akitembea kwenda msikitini miguu inawaka moto na kufa ganzi, hadi akae kwenye baraza ya jirani. Mbona akisukuma baiskeli anafika bila taabu?

Kwa sababu akishika usukani anainama. Ndani ya uti wa mgongo mna mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Uzeeni diski (vitandiko laini kati ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo) husinyaa, mifupa huota vinundu na kano za ndani hunenepa. Nafasi inabana, mara nyingi kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Akiinama inapanuka kidogo, akisimama wima inabana tena. Maelezo kama haya yana uzito kuliko picha ya MRI (kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili) peke yake, maana wazee wengi picha zao zinaonyesha mfereji mwembamba na hawaumwi kitu.

Akipasuliwa si atapooza?

Hofu hii inawazuia wengi, na naielewa. Lakini kamba kuu ya fahamu itokayo kwenye ubongo huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake zimebaki nyuzi zilizotawanyika kama mkia wa farasi. Kupooza ni nadra. Kinachotokea zaidi ni utando unaofunika mishipa ya fahamu kuchanika (hushonwa palepale), kidonda kupata maambukizi, au damu kuganda mguuni.

Daktari anafanya nini hasa?

Mgonjwa hupigwa nusu kaputi na kulazwa kifudifudi. Daktari husogeza misuli pembeni, hukata mfupa unaofunika mfereji kwa nyuma, kisha huondoa kano iliyonenepa mpaka mishipa ilegee.

Lazima awekewe vyuma?

Hapana. Vyuma na skrubu huunganisha pingili zinazoyumba. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa walioongezewa kuunganishwa pingili hawakupata nafuu kuliko waliopanuliwa mfereji tu. Ukiambiwa vyuma, uliza sababu.

Mgongo utaacha kuuma?

Huenda usiache. Upasuaji huu ni wa miguu: atembee mbali, asimame foleni. Ganzi ya miaka mingi nayo huchelewa kuondoka, pengine ibaki.

Kuna haraka?

Kwa wengi hakuna. Mazoezi na dawa hutangulia. Ila mkojo ukigoma kutoka, choo kikimponyoka, au akifa ganzi sehemu anazokalia, mpelekeni hospitali usiku huohuo.