Nauli Huchangiwa, Hati Haichangiwi: Dhana Potofu Kuhusu Safari za Mwanafunzi wa Ughaibuni na Rafiki Zake

Wanafunzi wanne wanaosoma chuo kimoja mjini Leipzig wanakubaliana kwenda kutembea mwisho wa juma. Mmoja ni Mtanzania, wa pili Mhindi, wa tatu Mbrazili na wa nne Mjerumani. Wanakula meza moja, wanafanya mitihani ile ile, na chumba watakachofikia kitalipwa kwa mafungu manne yaliyo sawa. Pindi safari inapogusa mpaka, hata hivyo, kila mmoja anarudi kuwa raia wa kwao, na mambo ambayo yule Mjerumani hajawahi kuyawazia ndiyo yanayoamua iwapo Mtanzania atafika au atarudishwa njiani. Dhana nyingi potofu kuhusu safari za namna hii hazitokani na ujinga wala uongo. Zinatokana na ushauri wa rafiki ambao kwake yeye ni sahihi kabisa, na ambao mgeni anauchukua kama ulivyo bila kuuliza kama unamhusu.

Mfano huu nimeuweka Ujerumani kwa kuwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki husomea huko, baadhi yao kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo na ubadilishanaji wa wanafunzi, na kwa kuwa nchi hiyo imepakana na nchi tisa, jambo linaloifanya hamu ya kutembea iwe kubwa kuliko mfuko wa mwanafunzi.

"Nina kibali cha Ujerumani, basi Ulaya yote iko wazi kwangu"

Kibali cha ukaazi kilichotolewa na Ujerumani, kikiambatana na pasipoti ambayo haijaisha muda wake, humruhusu mwenye nacho kuzitembelea nchi nyingine za Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka iliyo baina yao, bila kuomba viza. Ukweli huo ndio unaovutwa hadi ukapitiliza mipaka yake. Ruhusa hiyo ni ya siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180, nayo ni ya matembezi. Mwanafunzi anayedhani kwamba anaweza kwenda kufanya kazi ya kiangazi katika hoteli ya Austria kwa sababu ana kibali cha kusoma Leipzig atajikuta anavunja sheria za Austria. Siku anazokaa Ujerumani kwenyewe hazihesabiwi katika zile 90. Zinazohesabiwa ni zile anazokaa katika nchi nyingine za eneo hilo, zikijumlishwa zote pamoja, si kila nchi na hesabu yake.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba Schengen na Umoja wa Ulaya ni kitu kimoja. Schengen ni jina la kijiji cha Luxembourg kilicho kando ya mto Mosel, ambako mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985, na ukaguzi wenyewe ukaanza kuondolewa Machi 1995. Leo eneo hilo lina nchi 29. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja lakini hazimo. Kroatia iliingia Januari 2023, nazo Romania na Bulgaria ziliondolewa ukaguzi wa mipaka ya nchi kavu Januari 2025, kwa hiyo simulizi ya mwanafunzi aliyesafiri huko miaka mitano iliyopita si mwongozo wa kutegemewa leo.

Uingereza ndiyo inayowaumiza wengi. Mjerumani na Mbrazili wa kundi letu huhitaji tu idhini ya kusafiri inayoombwa kwa programu ya simu kabla ya safari, hivyo kwao London ni jambo la kuamuliwa Jumatano na kutekelezwa Ijumaa. Mtanzania na Mhindi wanahitaji viza kamili, yenye fomu, alama za vidole, ada na majuma ya kusubiri, na kibali cha Ujerumani hakiwapunguzii hata hatua moja. Tena asidhani mtu kwamba atajieleza akishafika: anayepanda treni ya kupita chini ya bahari kutoka Paris hukaguliwa na maofisa wa Uingereza palepale kituoni Gare du Nord, kabla hajaingia behewani. Akikosa viza anabaki Paris, na wenzake wanakwenda.

"Huko hakuna mpaka, pasipoti iache chumbani"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, kwa hofu ya wezi wa mifukoni. Kwa Mjerumani hauna hatari kubwa, kwa maana kitambulisho chake cha taifa kidogo kama kadi ya benki kinamtosha kuvuka mipaka hiyo yote. Kwa Mtanzania haufai hata kidogo, kwani haki ya kutembelea nchi jirani imefungwa kwenye vitu viwili vinavyokwenda pamoja, pasipoti halisi na kadi halisi ya ukaazi. Picha ya pasipoti iliyohifadhiwa kwenye simu ni msaada mzuri pasipoti ikipotea, lakini haichukui nafasi yake.

Wala si kweli kwamba hakuna ukaguzi. Sheria za Schengen huziruhusu nchi kurudisha ukaguzi kwa muda, na huo muda una tabia ya kurefushwa. Kwenye mpaka wake na Austria, Ujerumani imekuwa ikikagua tangu 2015. Oktoba 2023 iliongeza mipaka ya Poland, Cheki na Uswisi, na tarehe 16 Septemba 2024 ikaeneza ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Ufaransa nayo imekuwa na ukaguzi wa aina hiyo tangu 2015. Mtego unaowanasa wanafunzi wengi ni Salzburg. Tiketi kadhaa za treni za Ujerumani hufika hadi kituo kikuu cha mji huo, kwa hiyo mtu anaona kama hajatoka nchini, na anashtuka jioni wakati wa kurudi, treni inaposimama Freilassing, mji wa mpakani upande wa Ujerumani, na polisi wanapanda kuuliza hati. Tiketi ilivuka mpaka kihalali; yeye ndiye aliyevuka bila karatasi zake.

Hapa kuna jambo ambalo si haki kulipita kimya. Katika behewa lenye abiria sitini, mara nyingi mwanafunzi mweusi ndiye anayeulizwa hati wa kwanza, na pengine peke yake, huku rafiki zake waliokaa naye kiti kimoja wakitazama dirishani kwa aibu. Wengi huambiwa kwamba hiyo ndiyo hali ya huko na kwamba hakuna la kufanya. Hiyo nayo ni dhana potofu. Tarehe 29 Oktoba 2012 mahakama ya juu ya utawala ya jimbo la Rheinland-Pfalz, iliyoko Koblenz, iliamua kwamba polisi walikiuka katazo la ubaguzi lililomo katika Katiba walipomtaka mwanafunzi mweusi aonyeshe kitambulisho ndani ya treni kati ya Kassel na Frankfurt kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Uamuzi huo haukukomesha tabia hiyo, na kugombana na askari treni ikiwa mwendoni si ushauri ninaoutoa. Hata hivyo, mtu anaweza kuonyesha hati zake, akauliza kwa utulivu sababu ya kukaguliwa, akaandika saa na namba ya treni, kisha akapeleka malalamiko baadaye. Rafiki aliyekuwepo ni shahidi, na hapo ndipo faida ya kusafiri na wenzako inapoonekana kuliko kwenye kugawana bei ya chumba.

"Tukiwa na tiketi ya mwezi, treni zote ni zetu"

Tiketi ya Ujerumani nzima, inayoitwa Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi euro 58 Januari 2025 na euro 63 Januari 2026. Wanafunzi wa vyuo vingi huipata kwa bei nafuu zaidi ndani ya ada ya muhula. Inafungua mabasi ya mjini, tramu na treni za mikoani nchi nzima, lakini haifungui treni za mwendo kasi za ICE wala zile za masafa marefu za IC na EC. Mgeni anayeona treni mbili zikielekea mji mmoja kutoka jukwaa moja hupanda ile inayowahi, na akikutwa analipa faini isiyopungua euro 60. Vilevile tiketi hiyo ni ya mtu mmoja na haina nafasi ya kumbebea rafiki.

Kwa kundi ambalo halina tiketi ya mwezi kuna tiketi za siku za majimbo, kama ile ya Bavaria, ambayo watu hadi watano husafiri pamoja kwa treni za mikoani. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, na majina ya wasafiri hupaswa kuandikwa juu yake. Wale wanaojikusanya kituoni na wasafiri wasiowajua ili wapunguze nauli na waikumbuke sharti hiyo ya majina.

"Punguzo ni la wenyeji, sisi wageni tunalipa bei nzima"

Dhana hii imewapotezea wanafunzi wetu fedha nyingi, kwa kuwa inawafanya wasiulize. Chukua Interrail, ile pasi ya treni za Ulaya iliyoanzishwa mwaka 1972. Wengi hudhani kwamba ni ya Wazungu na kwamba Mwafrika anapaswa kununua Eurail, pasi ya wasioishi Ulaya. Kinachoangaliwa ni mahali unapoishi, si pasipoti uliyonayo: Mtanzania anayeishi Leipzig hununua Interrail, na akiwa na umri usiozidi miaka 27 hupata bei ya vijana. Kuna masharti mawili ambayo wauzaji hawayapigii ngoma. La kwanza, ndani ya nchi unayoishi pasi hiyo hukupa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu. La pili, treni za mwendo kasi za Ufaransa, Hispania na Italia hudai malipo ya kuhifadhi kiti juu ya bei ya pasi, na malipo hayo madogo madogo ndiyo yanayomaliza akiba.

Majumba ya makumbusho yanatofautiana, na tofauti hiyo inafaa kujulikana kabla ya kusimama kwenye foleni. Louvre ya Paris huwaruhusu kuingia bure vijana wasiofikia miaka 26 ambao ni wakaazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, hivyo kadi ya ukaazi ya Ujerumani inatosha. Kwenye Colosseum ya Roma, kinyume chake, bei ya euro 2 kwa vijana hufuata uraia wa Umoja wa Ulaya. Huko Mjerumani atalipa euro 2 na Mtanzania atalipa bei kamili, na ni vyema wote wawili wajue mapema ili pasitokee manung'uniko mlangoni.

"Ndege ni rahisi kuliko basi"

Nauli inayotangazwa huwa haina begi, na uwanja unaotajwa kwa jina la mji huenda usiwe karibu nao. Uwanja wa Beauvais uko kilomita zipatazo 85 kutoka Paris, Memmingen ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Munich, na Hahn, ambao hutumia jina la Frankfurt, uko kilomita zipatazo 120 kutoka mji huo. Nauli ya basi la kutoka huko hadi mjini iingizwe kwenye hesabu kabla ya kulinganisha.

"Bima yangu ya mwanafunzi inanilinda popote"

Mwanafunzi aliye katika bima ya afya ya umma ya Ujerumani ana kadi ambayo upande wake wa nyuma ni Kadi ya Bima ya Afya ya Ulaya. Akiugua ghafla Ufaransa au Poland, hutibiwa kwa masharti ya bima ya umma ya nchi hiyo. Jambo ambalo rafiki Mjerumani hawezi kumwambia, kwa sababu yeye halimhusu, ni kwamba raia wa nchi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya hawawezi kuitumia kadi hiyo kutibiwa Denmark, Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi. Kundi linalokwenda kuteleza kwenye theluji za Uswisi, mchezo ambao miguu huvunjika, linabeba kadi zinazofanana na zenye nguvu tofauti. Kadi hiyo pia hailipii gharama za kumrudisha mgonjwa nyumbani. Nao waliojiunga na masomo wakiwa wamevuka miaka 30, kama walivyo wengi wa shahada za juu kutoka kwetu, mara nyingi huwa katika bima binafsi, na wanapaswa kusoma mkataba wao wenyewe wala si wa jirani. Bima ya safari ya siku chache hununuliwa kwa bei ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo ya mwisho kukatwa bajeti inapobana.

"Anapiga picha Paris, basi fedha anazo"

Dhana hii haiko Leipzig; iko Mbeya, Kisumu na Unguja. Picha ya kijana aliyesimama mbele ya Mnara wa Eiffel inafika kwenye kundi la ukoo, na kabla ya jioni shangazi ameshauliza kwa nini ada ya mdogo wake haijatumwa.

Tangu Septemba 2024, anayeomba viza ya kusoma Ujerumani kwa gharama zake huonyesha euro 11,904 kwa mwaka, ambazo kwa kawaida huwekwa katika akaunti maalumu inayomwachilia euro 992 tu kila mwezi. Katika hizo hutoka kodi ya chumba, bima na chakula. Ruhusa ya kazi kwa mwanafunzi ni siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na miezi isiyo na mihadhara, ambayo nyumbani huitwa likizo, mara nyingi ina mitihani na insha za muhula za kuandikwa. Ile picha ya Paris huenda ilitanguliwa na usiku mzima ndani ya basi, uliochaguliwa makusudi ili kuokoa bei ya kitanda, mkate na jibini vilivyobebwa kutoka chumbani, na mkeka sakafuni kwa Mtanzania mwenzao anayesoma huko, ambaye naye ana chumba kimoja na mtihani Jumatatu. Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu haikusubiri siku ya tatu; waliosha vyombo tangu jioni ya kwanza. Mnara wenyewe hawakuupanda. Waliutazama kutoka chini, kwa kuwa kuutazama hakulipiwi, wakapiga picha nne, mmoja baada ya mwingine, kwa simu ya yule aliyekuwa bado na chaji.