Je, wajua kwa nini upele hurudi palepale ulipotoka?

Bibi yangu wa Ujiji alikuwa na swali ambalo lilinishinda kwa miaka mingi. Kila ifikapo Juni, mvua zikishakatika na upepo mkavu wa kiangazi ukianza kuvuma, mkunjo wa kiwiko changu cha kushoto ulianza kuwasha. Si mkono wa kulia, si goti, si shingo. Ni hapohapo, kana kwamba mtu alipatia alama ya wino. Bibi alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akauliza: "Mjukuu wangu, huu upele una anwani?"

Kumbe anwani unayo. Ila kabla ya kuifikia, tuelewane kwanza kuhusu jina, maana kwetu neno "upele" limebebeshwa mizigo ya wengine. Mtoto akitoka harara kwa joto, tunasema ana upele. Akiwa na mduara wa mashilingi kichwani, upele. Nyumba nzima ikijikuna usiku hadi kunakucha, upele. Huo wa mwisho ndio upele wenyewe: kuna kidudu kidogo mno kinachochimba vijia ndani ya ngozi, hasa katikati ya vidole, na dalili yake kubwa ni kwamba mnaolala pamoja mnawashwa pamoja. Unaambukiza, lakini mkitibiwa wote kwa wakati mmoja unaisha. Mashilingi ni fangasi, nayo ina dawa yake.

Wa kwangu ni mwingine. Wazee huuita ukurutu, hospitalini utasikia pumu ya ngozi. Jina hilo la pili halikutolewa ovyo, kwa sababu wengi walio nao wana pumu ya kifua au mafua ya aleji, wao wenyewe au ndugu zao wa damu. Hauambukizi hata kidogo. Na kwa kuwa tuko kwenye majina: baka lililofifia rangi, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa pamba husikii kitu, halihusiani na habari hii. Hilo lipeleke hospitali upesi, huenda ni ukoma, na dawa za ukoma hutolewa bure.

Sasa ngozi. Tabaka lake la juu limejengwa kama ukuta wa matofali. Seli zilizokauka ndizo tofali, na kati yake kuna mafuta yanayozishikanisha kama udongo. Kwa mwenye pumu ya ngozi udongo huo ni haba. Maji ya mwilini huvuja kwenda nje, ngozi ikakauka. Vumbi, jasho na vijidudu hupenya kuingia ndani, na askari wa mwili wakiwakuta huko huanza vita. Vita hiyo ndiyo mwasho. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wamerithi hitilafu katika jeni la protini iitwayo filagirini, ambayo ni mojawapo ya nguzo za ukuta huo. Hapo usishangilie mapema: kwa Waafrika hitilafu hiyo huonekana kwa nadra, ingawa ugonjwa wenyewe tunao. Ukuta wetu unavuja kwa njia nyingine.

Njia mojawapo naijua, imo bafuni. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH yake (kipimo cha uasidi, namba ikipanda uasidi hupungua) iko karibu na 5. Sabuni ya mche, ikiwemo ile ya mawese tunayojivunia mkoani kwetu, iko kati ya 9 na 10. Inaondoa uchafu vizuri sana, na inaondoa udongo wa ukuta vizuri vilevile. Kwa mwenye ngozi imara si neno, hujirekebisha baada ya saa chache. Mwenye ukuta mbovu akijisugua nayo kwa dodoki asubuhi na jioni, tena Julai hewa ikiwa kavu, anabomoa kwa mkono wake. Kina mama wanaosafisha samaki kutwa nzima kwenye mwalo wa Kibirizi hupatwa na hali ya namna hiyo viganjani hata kama hawakuzaliwa na tatizo: maji, chumvi na sabuni, siku baada ya siku.

Lakini hayo yanaeleza kwa nini ngozi inawasha. Hayaelezi kwa nini kiwiko cha kushoto tu.

Jibu la bibi liko kwa wale askari. Vita inapotulia na ngozi ikarudi kuwa laini, tungedhani wote wamerudi kambini. Hawarudi wote. Baadhi ya chembe nyeupe za damu, zile zenye kumbukumbu ya adui, huhamia moja kwa moja ndani ya ngozi ya mahali hapo na kukaa kimya kwa miezi, hata miaka. Jicho halizioni, kidole hakizisikii. Siku kichochezi kikirudi, jasho au ukavu au sweta ya sufu, haziwi na haja ya kuitwa kutoka mbali, zinaamka zilipolala. Ndiyo maana upele wa pili huja haraka kuliko wa kwanza na hukaa palepale. Soriasisi, ule ugonjwa wa magamba meupe kwenye viwiko na magoti, una tabia hiyohiyo. Na mkunjo wa kiwiko ulichaguliwa tangu mwanzo kwa sababu za kawaida tu: ngozi yake ni nyembamba, jasho hutuama, na kila ukikunja mkono inajisugua.

Nilipokuwa kidato cha pili nilienda kwenye duka moja la dawa mjini, sitalitaja. Dada wa kaunta hakuuliza jambo. Alinipa tyubu ndogo: "Paka hii, siku tatu tu." Kweli, siku ya tatu kiwiko kilikuwa safi kama cha mtoto mchanga. Nikaitangaza ile krimu mtaa mzima kama wakala. Jirani akampaka mwanawe aliyekuwa na shilingi moja shavuni. Mwasho ukaisha, wekundu ukaisha, mama akafurahi. Baada ya wiki kadhaa ule mduara ulipoteza ukingo wake, ukatanda hadi shingoni, na hata mganga wa zahanati alipata kazi kutambua ni nini.

Krimu ilikuwa na steroidi kali. Steroidi haiui kitu. Inawaambia askari walale na mishipa midogo ya damu ijikaze, basi. Kwenye pumu ya ngozi hiyo ndiyo kazi inayotakiwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni askari waliopitiliza. Kwenye fangasi ni kumfunga mlinzi kamba na kumwachia mwizi mlango: kuvu hula taratibu, bila mwasho wa kukushtua. Madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliieleza hali hiyo mwaka 1968 na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya fangasi iliyojificha. Zaidi ya nusu karne imepita, na krimu za mchanganyiko zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwenye tyubu moja bado zinauzwa kama pipi. Ile ile steroidi imo pia kwenye mkorogo mwingi wa kung'arisha uso. Ukiipaka miezi mingi ngozi huwa nyembamba, michirizi hutokea na haifutiki, na ukiiacha ghafla uso huwaka moto.

Wapo waliosikia hayo wakaapa kutogusa krimu yoyote ya steroidi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu anayelipa ni mtoto anayejikuna hadi kutoka damu usiku kucha. Dawa si mbaya. Kinachoharibu ni kupaka bila kujua ugonjwa, nguvu ya dawa na siku zake. Hata kiasi kina kipimo chake: kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la ukubwa wa viganja viwili na vidole vyake. Na kwa kuwa zile chembe za kumbukumbu hazihami, madaktari wengi siku hizi, kwa mgonjwa anayerudiwa mara kwa mara, humwelekeza aendelee kupaka siku mbili kwa wiki pale anwani ilipo, hata ngozi ikionekana imepona. Mara ya kwanza nilipoelezwa hivyo nilidhani wananiuzia dawa.

Kati ya siku hizo ni mafuta, na hapa Kigoma hatuna shida ya mafuta. Watu huuliza kuhusu mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi. Kama hayakuwashi, paka. Ila kwa kuzuia maji yasivuje, mafuta ya mgando yasiyo na manukato huyazidi, na yanapatikana kila duka. Siri iko kwenye dakika: paka ukitoka kuoga tu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukisubiri ikauke, unachofungia ndani ni ukavu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wasio na ugonjwa huu hulichukulia kama utani. "Si upele tu?" Mwaka 1994, huko Cardiff, Andrew Finlay na Gul Khan walitoa dodoso la maswali 10 la kupima ni kiasi gani ngozi inamharibia mtu maisha yake ndani ya wiki moja iliyopita. Alama ni kuanzia 0 hadi 30, na kuanzia 11 maana yake maisha yameathirika sana. Halimwulizi mtu ana mabaka mangapi. Linauliza kuhusu mwasho, aibu, kwenda dukani, nguo unazochagua, michezo, kazi au masomo, hata mambo ya chumbani na mwenzi wako. Nililijaza kwa kujikumbusha nikiwa na miaka 17. Nguo: nilivaa mikono mirefu Oktoba, joto la Kigoma mnalijua. Michezo: niliacha kuogelea ziwani na wenzangu. Aibu: kuna nyumba nilitengewa sahani yangu wakati wengine wakila sinia moja, na hakuna aliyeniambia sababu. Nilipata 16, kwa kiwiko kimoja.

Wala si jambo la wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wakati wowote watu bilioni 1.8 wana ugonjwa wa ngozi wa aina fulani, na Mei 2025 mkutano wake mkuu uliyatambua magonjwa haya kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani. Tafiti za vijijini Tanzania katika miaka ya 1990 zilikuta zaidi ya robo ya watu waliochunguzwa wana tatizo la ngozi.

Wataalamu ndio wachache. Tangu 1992 kipo kituo cha Moshi, pembeni ya hospitali ya KCMC, kinachofundisha si madaktari bingwa pekee bali pia matabibu, miaka miwili ya ngozi kisha wanarudi mikoani. Kwa mtu wa Kasulu au Uvinza, tabibu huyo ndiye bingwa wake. Moshi ni kuvuka karibu nchi nzima. Dawa mpya zipo pia, kama dupilumabu, sindano ya kila wiki mbili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa bei ya dola 37,000 hivi kwa mwaka. Nimeitaja ili mjue ipo.

Bibi alifariki kabla sijajua habari za askari wanaolala ndani ya ngozi. Mwaka huu kiwiko kilianza kunyevuanyevua wiki ya tatu ya Juni. Nikapaka siku nne, nikarudi kwenye Jumatano na Jumamosi zangu, na mafuta ya mgando kila jioni. Nimevaa mikono mifupi kiangazi chote.